Risasi za bei nafuu kwa mazoezi ya shabaha: Je, ni akiba au hasara?

MFANYABIASHARA mwenye bastola ya kisheria anaweza kupunguza gharama za mazoezi ya shabaha kwa kiasi kikubwa endapo atatumia risasi za daraja la chini badala ya zile za bei ya juu. Hata hivyo, akiba hiyo ina masharti. Akikosea kuchagua, fedha aliyookoa dukani itapotea kwa fundi, hospitalini au mahakamani.

Hilo ndilo jibu la ukurasa huu kwa swali linalozunguka miongoni mwa wenye maduka ya jumla, vituo vya mafuta na maghala ya vifaa vya ujenzi kuanzia Tegeta na Bunju, upande wa Kinondoni, hadi Mbagala na Tandika, upande wa Temeke. Swali lenyewe ni la kibiashara: bidhaa mbili zinafanya kazi moja, moja ina bei ndogo. Je, tofauti ya bei inatokana na jina la kiwanda tu, au kuna kitu kimepunguzwa ndani?

Wiki hii tunaichambua bidhaa hiyo kama tunavyochambua saruji, mafuta ya kula au mabati.

BASTOLA ISIYOFANYIWA MAZOEZI

Kwanza tuseme wazi kwa nini suala hili ni zito. Wengi waliopewa leseni za bastola katika viunga vya Dar es Salaam waliomba kwa sababu ya mauzo ya fedha taslimu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ya simu ikafuata, fedha inayobebwa mkononi jioni imepungua kwa wengi. Lakini bastola bado zimo kwenye makabati, na baadhi ya wenye nazo hawajafyatua risasi hata moja tangu siku waliyokabidhiwa.

Ukiwauliza sababu, watakutajia bei ya risasi. Matokeo yake, mtu ana chombo kilichomgharimu fedha nyingi, anachokiogopa na asichokijua. Mbagala Rangi Tatu saa 12 jioni, watu wamejaa barabarani, machinga wako kila upande na daladala zinapishana. Risasi iliyokosa mwizi haipotei hewani. Inakwenda kwa mama ntilie au kwa mtoto aliyetumwa chumvi. Na mwenye bastola ndiye atakayejibu.

Aidha, silaha si kinga kamili hata kwa waliofundishwa. Mwezi Agosti 2016 askari polisi 4 waliuawa Mbande, wilayani Temeke, walipokuwa wakibadilishana lindo kwenye benki, na silaha zao zikachukuliwa. Kama askari walishtukizwa, mwenye duka asiyefanya mazoezi asijidanganye kwamba bastola kiunoni inatosha.

Kwa hiyo kipimo cha thamani ya risasi za mazoezi si bei yake tu. Tujiulize pia kama bei hiyo inamwezesha mtu kufanya mazoezi ambayo asingeyafanya kabisa.

KINACHOPUNGUZWA ILI BEI ISHUKE

Risasi moja ina vitu vinne: ganda, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachoruka. Msomaji atakumbuka kuwa jina la bidhaa yenyewe limetokana na madini. Kwa Kiswahili risasi ni ile metali nzito laini ambayo vichwa hivi hutengenezwa kwayo, na neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu.

Kiwanda kinachotaka kushusha bei hugusa moja au zaidi ya vitu hivyo vinne.

Ganda la kawaida ni la shaba ya njano. La bei nafuu huwa la chuma kilichopakwa rangi au vanishi, au la alumini. Shaba ya njano hutanuka baruti inapowaka, kisha hurudi na kutoka kwa urahisi. Chuma hakina unyumbufu huo. Kwa bastola iliyo safi si tatizo kubwa, lakini kwa bastola chafu au yenye ndoano ya kuvuta ganda iliyochakaa, ganda linaweza kukwama.

Kichwa cha kawaida kina risasi katikati na shaba nyekundu juu. Cha bei nafuu huwa na koti la chuma lililopakwa shaba nyembamba, au hakina koti kabisa. Ukitaka kujua, chukua sumaku ndogo ya spika ya redio. Ikinata kwenye kichwa, basi kuna chuma chini ya hiyo rangi ya shaba.

Baruti ya bei nafuu huacha masizi zaidi. Hilo ni suala la kitambaa na dakika 15 za kusafisha.

Fataki ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote, na tutairudia hapa chini.

Wengi wenye bastola hapa nchini hutumia kipimo cha milimita 9 kinachoitwa Parabellum, kilichotoka Ujerumani mwaka 1902. Ganda lake lina urefu wa milimita 19, na kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 115 au 124, yaani takriban gramu 7.5 au 8. Tahadhari kwa mnunuzi: zipo risasi nyingine zinazoitwa "tisa" zenye ganda la milimita 17 na la milimita 18. Hizo ni bidhaa tofauti. Usikubali kuambiwa kuwa "ni hizo hizo, zinaingia tu". Soma maandishi kwenye mtutu wa bastola yako, kisha soma maandishi kwenye boksi. Visipolingana, rudisha.

HESABU YA SHILINGI

Sasa tuje kwenye kalamu na karatasi. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, ili msomaji aone njia ya kukokotoa. Weka bei za duka lako mwenyewe.

Tuseme risasi ya daraja la juu ni Sh. 3,000/= na ya daraja la chini ni Sh. 2,000/=. Boksi la 50 litakuwa Sh. 150,000/= kwa lile la juu na Sh. 100,000/= kwa lile la chini. Tofauti ni theluthi moja.

Je, zikigoma? Tuseme katika boksi la bei nafuu risasi 2 zimegoma kabisa. Umebaki na 48 zilizofanya kazi, kwa hiyo kila moja imekugharimu Sh. 2,083/=. Kugoma kwa risasi 2 kumeongeza Sh. 83/= tu. Ili risasi ya bei nafuu ifikie bei ya ile ya juu, ingebidi theluthi nzima ya boksi igome, yaani risasi 16 au 17 kati ya 50. Boksi la namna hiyo hakuna mtu angelinunua mara ya pili.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mazoezi si risasi peke yake. Kuna mafuta ya gari, ada ya uwanja, mkufunzi na nusu siku ya kufunga duka. Tuseme vyote hivyo ni Sh. 60,000/= kwa safari moja, na mfanyabiashara anakwenda mara 4 kwa mwaka, kila safari risasi 50.

Kwa risasi za daraja la juu, mwaka utamgharimu Sh. 600,000/= za risasi na Sh. 240,000/= za safari, jumla Sh. 840,000/=. Kwa za daraja la chini ni Sh. 400,000/= na Sh. 240,000/=, jumla Sh. 640,000/=. Ameokoa Sh. 200,000/=. Ni fedha nzuri, lakini ni karibu asilimia 24 ya gharama zote, siyo theluthi aliyoiona kwenye bei ya dukani.

Njia ya tatu ni kuchanganya. Kila safari apige risasi 40 za bei nafuu na 10 za ile ya juu anayoiweka kwenye bastola siku zote. Mwaka utakuwa Sh. 680,000/=. Ameokoa Sh. 160,000/=, na wakati huohuo amehakikisha kuwa risasi anayoitegemea inafanya kazi katika bastola yake. Kwa maoni ya ukurasa huu, hiyo ndiyo biashara bora kati ya hizo tatu.

CHUMVI NI HATARI KULIKO CHUMA

Hofu inayosikika zaidi ni kwamba risasi zenye chuma "zinakula mtutu". Ina ukweli, lakini hukuzwa mno. Mwaka 2013 wauzaji wa risasi wa Marekani, Lucky Gunner, walifanya jaribio la kupiga risasi 10,000 katika kila bunduki, wakilinganisha za ganda la chuma na za shaba. Mitutu iliyopigiwa risasi zenye vichwa vya koti la chuma ilichakaa mapema zaidi. Lakini walipopiga hesabu, fedha iliyookolewa kwenye risasi ilitosha kununua mtutu mpya.

Zaidi ya hapo, zile zilikuwa bunduki za kasi kubwa. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka kwa kasi ya takriban mita 350 kwa sekunde, pungufu mno kuliko ya bunduki, na joto lake ni dogo. Mfanyabiashara anayepiga risasi 200 kwa mwaka hatauona mwisho wa mtutu wake. Hata tukisema mtutu mpya na ufundi ni Sh. 1,000,000/=, kwa mfano wetu wa juu atakuwa ameokoa kiasi hicho baada ya risasi 1,000, yaani miaka 5.

Hatari halisi kwa mkazi wa pwani ni chumvi. Fataki za zamani zilitumia kemikali ya potasiamu kloreti. Ikiwaka, huacha ndani ya mtutu chumvi ya jamii moja na ile ya mezani. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewani, na kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kinachotokea kwa bati, msumari na baiskeli vinapokutana na unyevu wa bahari. Mtutu unaweza kuota kutu ndani ya siku chache tu.

Viwanda vingi vya risasi za kiraia viliacha fataki hizo zamani. Zinazobaki ni hasa risasi za akiba za majeshi ya zamani, zilizotolewa maghalani na kuuzwa duniani kwa bei ya kutupa. Mafuta ya bastola peke yake hayaondoi chumvi, kwa sababu chumvi huyeyuka kwa maji. Aliyepiga risasi za aina hiyo hana budi kusafisha mtutu kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kuukausha kabisa, ndipo apake mafuta.

Ushauri ni rahisi zaidi: usizinunue. Boksi liwe na maandishi ya kiwanda yanayosema fataki haileti kutu. Lisiposema hivyo, na muuzaji hajui, bei hata iwe ndogo vipi haikufai.

SHABAHA INAPUNGUA KIASI GANI?

Ni kweli kwamba risasi za bei nafuu hazifanani moja kwa moja. Uzito wa baruti hutofautiana kidogo, na hivyo kasi nayo hutofautiana. Kwa mpigaji wa mashindano wa mita 25 au 50 hilo ni tatizo. Kwa mwenye duka siyo.

Tuchukue mfano. Tuseme risasi bora hutua ndani ya duara la sentimita 5 kwenye mita 25, na ya bei nafuu ndani ya sentimita 10. Ukisogea hadi mita 7, ambao ni umbali wa kawaida wa chumba au mbele ya kaunta, maduara hayo hupungua na kuwa takriban sentimita 1.4 na 2.8. Tofauti ni upana wa kidole. Mpigaji asiye na mazoezi, kwa umbali huohuo, hutawanya risasi zake kwenye eneo la sahani nzima. Anayekosa ni mkono, siyo boksi.

Jambo la kuangalia ni uzito. Nunua risasi za mazoezi zenye kichwa cha uzito uleule wa zile unazozitegemea, ili mtikiso mkononi na mahali zinapotua vifanane. Kujifunza kwa greni 115 na kubeba 147 ni kama kujifunza kuendesha pikipiki kisha ukapewa lori.

Wapo pia wanaotaka kuingia kwenye mashindano. Huko Kenya, wenye silaha za kisheria hukutana kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu, wakishindana kwa kanuni za kimataifa. Kanuni hizo zina kipimo cha nguvu: uzito wa kichwa kwa greni huzidishwa kwa kasi ya futi kwa sekunde, kisha hugawanywa kwa 1,000. Kwa milimita 9 jibu lisipungue 125. Risasi ya greni 115 yenye kasi ya futi 1,150 hupata 132 na hupita. Ikiwa dhaifu na kutoka kwa futi 1,050, hupata 120 na pointi, na mpigaji ametupa ada yake ya kiingilio. Kwa hiyo mshindani asome kasi iliyoandikwa ubavuni mwa boksi kabla ya kulipa.

RISASI INAPOGOMA

Hapa ndipo bei nafuu inaweza kumgharimu mtu kiungo cha mwili. Kuna hali tatu, na kila mwenye bastola azijue kwa moyo.

Ya kwanza: umevuta triga, hakuna mlio. Usiigeuze bastola kuiangalia. Ielekeze kwenye shabaha na uhesabu hadi 30. Fataki inaweza kuwa imechelewa tu. Baada ya hapo ndipo uitoe risasi hiyo na kumkabidhi msimamizi wa uwanja.

Ya pili: mlio hafifu usio wa kawaida, kama kofi badala ya mshindo. Acha kabisa. Inawezekana baruti ilikuwa kidogo na kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mkononi. Toa magazini, hakikisha chumba kiko tupu, na msimamizi aangalie mtutu kabla ya kuendelea.

Ya tatu: mtikiso mkubwa kuliko kawaida, au ganda lililovimba au kupasuka. Acha boksi hilo lote, siyo risasi hiyo moja. Tatizo la baruti kuzidi huwa la mkupuo mzima wa kiwandani.

Kuna faida moja ndogo katika kugoma, nayo wakufunzi wanaijua. Risasi ikigoma, mpigaji huona wazi kama mkono wake umeshuka chini kwa kutarajia mlio. Ndiyo kasoro ya wapigaji wengi wanaoanza, na haionekani risasi inapolipuka. Lakini wakufunzi hupata somo hilohilo kwa kuchanganya risasi bandia za mazoezi kwenye magazini. Hakuna haja ya kununua risasi mbovu kwa ajili hiyo.

Tukumbuke na afya. Moshi wa fataki na vichwa visivyo na koti hutoa vumbi la risasi, ambalo ni sumu, hasa kwa watoto. Usile wala kuvuta sigara uwanjani. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, na nguo za mazoezi zifuliwe peke yake.

SOKO LA DUNIA NA DOLA YETU

Kanda yetu ina viwanda vya risasi. Tanzania ina Shirika la Mzinga, Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974. Kenya ina kiwanda cha Eldoret kilichojengwa miaka ya 1990 kwa mitambo ya FN Herstal ya Ubelgiji, na Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Hata hivyo, viwanda hivyo vimejengwa kwanza kwa mahitaji ya majeshi. Risasi inayotoka nje hubeba bei ya dola, meli na ushuru, kwa hiyo shilingi ikiyumba nayo hupanda.

Msomaji anayefuatilia bei za dunia atakumbuka mtikisiko wa miaka ya 2020 na 2021. Huko Marekani, risasi ya kawaida ya milimita 9 iliyokuwa ikiuzwa karibu senti 20 za dola ilipanda hadi kukaribia dola moja, kutokana na hofu ya wanunuzi wakati wa janga la korona. Mwezi Septemba 2021 Marekani ilianza kuzuia vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, ambazo ndizo zilizokuwa maarufu kwa ganda la chuma na bei ya chini. Vita ya Ukraine iliyoanza mwaka 2022 ikavuta baruti kuelekea mizinga ya majeshi.

Hapo kuna jambo la kuwavutia wafanyabiashara wa Simiyu na Shinyanga. Baruti ya kisasa hutengenezwa kwa selulosi, na chanzo chake kikubwa ni nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu ya pamba baada ya kuchambuliwa. Uhaba wa nyuzi hizo ulilalamikiwa Ulaya kutokana na kutegemea mno China.

Umiliki wa viwanda nao unajikusanya. Sellier & Bellot ya Czech, iliyoanzishwa mwaka 1825, ilinunuliwa na kundi la Colt CZ mwaka 2024. Kundi lingine la Czech, CSG, lilichukua asilimia 70 ya Fiocchi ya Italia mwaka 2022, na mwaka 2024 likakamilisha ununuzi wa viwanda vya Marekani vinavyotoa chapa za Federal, CCI na Remington. Wauzaji wakipungua, mnunuzi mdogo asitarajie bei kuanguka sana. Anayepata boksi zuri kwa bei ya wastani leo hana sababu ya kusubiri.

BEI NAFUU KULIKO ZOTE NI GHALI KULIKO ZOTE

Kuna bei moja ambayo haina hesabu: ile ya risasi zinazouzwa uchochoroni bila boksi, bila risiti na bila kuandikwa popote. Kumiliki risasi bila kibali nchini ni kosa linaloangukia chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Mtuhumiwa hukaa ndani wakati duka limefungwa, wapangaji hawalipi na mkopo wa benki unaendelea kuhesabu riba.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliimarisha usajili wa silaha, kwa kufuata Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ambayo Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2016 wenye silaha walitakiwa kuzipeleka kuhakikiwa. Asiye na kumbukumbu za manunuzi yake hujiweka pabaya siku ya ukaguzi wa namna hiyo.

Angalia pia kitako cha risasi. Huandikwa kiwanda na kipimo, na nyingine huandikwa mwaka. Alama ya msalaba ndani ya duara ni ya majeshi ya NATO. Ukiona risasi zenye alama za jeshi lolote mikononi mwa mchuuzi, usiulize bei. Ondoka.

Vilevile, kujaza upya maganda yaliyotumika, kazi ambayo Marekani ni ya kawaida, usiifanye hapa. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na kosa la mizani jikoni ni kosa la vidole. Na mazoezi yafanyike kwenye uwanja unaotambuliwa na polisi, siyo kwenye shamba la minazi Mkuranga au nyuma ya kiwanja Bunju. Risasi ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na viunga hivi havina tena pori la kuipokea.

NJIA NYINGINE ZA KUPUNGUZA GHARAMA

Mazoezi makavu hayagharimu hata senti. Bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, na ukuta imara mbele. Dakika 10 kila jioni za kushika, kulenga na kuvuta triga polepole zitamsaidia mtu kuliko boksi zima lililomwagwa bila utaratibu. Soma kitabu cha bastola yako kwanza, kwani baadhi za zamani zinahitaji risasi bandia ili pini isivunjike.

Njia ya pili ni kipimo kidogo cha .22, kilichoanza mwaka 1887. Kichwa chake kina gramu 2.6 tu, mtikiso ni mdogo, na duniani kote bei yake huwa sehemu ndogo ya ile ya milimita 9. Ndicho kipimo kinachotumika kwenye mashindano ya bastola ya mita 25 ya Olimpiki. Lakini bastola ya pili ni silaha ya pili, na inahitaji leseni yake. Kwa mtu mmoja anayepiga risasi 200 kwa mwaka, gharama hiyo hairudi. Kwa kikundi kinachofanya mazoezi kila mwezi, inaweza kurudi.

Njia ya tatu ni kutunza ulichonacho. Risasi huharibiwa na unyevu na joto. Usiziache kwenye gari lililoanikwa juani Kariakoo, wala stoo yenye chumvi ya ukutani. Weka kwenye boksi la chuma lenye mpira wa kuziba, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kila mwaka, zile zilizokaa kwenye bastola zipigwe uwanjani na ziwekwe mpya. Hivyo hata risasi ya bei ya juu haitupwi, bali inamalizia kazi yake kwenye mazoezi.

USHAURI WA WIKI

Kwa mwenye kuanza: fedha ya kwanza iende kwa mkufunzi, siyo kwenye maboksi. Risasi 50 chini ya jicho la mtu anayejua ni bora kuliko 200 peke yako.

Kwa mwenye mazoezi ya kawaida: nunua za bei nafuu, za kipimo na uzito unaolingana na bastola yako, zenye fataki isiyoleta kutu, ndani ya boksi lililofungwa, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni, na risiti iwe na jina lako. Anza na boksi moja. Likimalizika bila tatizo, ongeza ya mkupuo uleule, ndani ya idadi unayoruhusiwa kuwa nayo.

Kwa risasi ya kujihami: usibane matumizi. Magazini moja au mbili za risasi bora ni gharama ndogo ukilinganisha na zinachokilinda. Lakini usiiamini kabla hujaijaribu katika bastola yako mwenyewe.

Na kwa asiye na nafasi ya kufanya mazoezi hata mara moja kwa mwaka: fikiria kuirudisha bastola hiyo kwa utaratibu wa polisi, na fedha ya leseni iingie kwenye bima, mlango wa chuma na taa za nje. Bastola usiyoijua haikulindi, na siku ikifyatuka italeta hasara kwako au kwa jirani.